Ngozi Chini ya Pedeli

Kola alisema atatoa jibu siku atakayokanyaga pedeli tena. Si hospitalini, wala si kwa simu.

"Sitaki kumjibu mtu nikiwa nimelala," alisema. "Mtu aliyelala hukubali chochote, mradi aletewe maji."

Fundi alikubali. Angefanya nini? Miaka yote alikuwa akitengeneza cherehani cha Kola bila kutamka neno, na siku aliyotamka alitamka vibaya. Alisimama mbele ya wateja, bisibisi mkononi, akamwambia Kola kwamba angependa kumuoa. Wateja walicheka. Kola hakucheka. Alimtazama juu ya miwani, uzi bado uko mdomoni, akasema, "Subiri kwanza mguu wangu."

Ulikuwa mguu wa kulia. Upande wa nje, nyuma ya mfupa ule wanaouita jicho la mguu, kulikuwa na mshipa uliokataa kukaa kwake. Kila alipokanyaga vibaya, mshipa uliruka juu ya mfupa, ukalia *ta!*, kisha ukarudi. Ulianza siku aliyoteleza kwenye ngazi za duka akiwa na robota la vitambaa kichwani. Wakamfunga plasta. Plasta ikatolewa, mshipa ukatulia, ukarudia. Wakamfunga tena, ukarudia tena. Mwishowe ukawa unaruka hata akiwa amekaa anashona, na washonaji wenzake wa safu ile ya maduka hawakuacha kumtania.

"Kola, mguu wako unapiga vidole. Unamwita nani?"

"Namwita aliyekunyima adabu."

Alijibu hivyo, lakini kila asubuhi alikuwa akimeza vidonge vya maumivu, na mshono ulikuwa umeanza kuyumba kwenye kona. Hapo ndipo alipoogopa. Jina la Kola hakupewa na mama yake. Alipewa na wateja, kwa sababu ya kola za duara alizokuwa akishona bila kuchora chaki. Sindano ilikwenda tundu moja, ikasimama, ikaenda tundu moja. Watu walidhani ni mikono. Haikuwa mikono. Ulikuwa mguu.

Fundi alimsaidia kwa alichokuwa nacho. Alikata kipande cha ngozi kutoka kwenye mkanda wa zamani, akakifunga kwa skrubu kwenye ukingo wa nje wa pedeli, ili mguu upate pa kuegemea. Kilisaidia kidogo. Kola alisema asante, akamtazama muda mrefu kidogo kuliko asante inavyohitaji. Fundi aliishi na mtazamo ule msimu mzima wa mvua.

Kwao Kola kulikuwa na mama, na kulikuwa na mjomba. Mjomba alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, na ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu nani anaingia kwenye familia. Alikuwa amemwona Fundi mara moja tu, barazani, akaondoka bila kumaliza chai.

"Mjomba wako anasemaje?" Fundi aliuliza baadaye.

"Anasema mtu hujulikana kwa kola ya shati lake. Anasema yako inatosha kukaangia mayai."

Fundi aliishika shingo yake. Ilikuwa kweli. Mafuta ya mashine hayatoki.

*

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mnadani. Aliushika mguu wa Kola, akauzungusha nje, mshipa ukaruka mbele ya macho yao, *ta!* Mama akageuza uso.

"Plasta haitasaidia tena," daktari alisema. "Mshipa huu ni kano. Ni kamba, haina damu ndani. Inatakiwa ilale kwenye mfereji nyuma ya mfupa, na juu yake kuna utando wa kuishikilia isitoke. Utando wako umechanika. Na mfereji wenyewe ni bapa kama sahani. Nitauchimba uwe na kina, niirudishe kamba ndani, kisha niushone utando kwenye mfupa."

"Utaushona?" Kola aliinua kichwa. "Kwa mkono au kwa mashine?"

"Kwa mkono, dada. Mkono wangu mwenyewe."

"Basi usiwe na haraka kwenye kona."

Daktari alicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Mama hakucheka.

"Na akibaki kiwete?"

"Wengi hupona vizuri, mama. Wapo wanaobaki na ganzi pembeni, wapo wanaobaki na ugumu kidogo. Simuahidi mguu wa mtoto mchanga. Ninachomuahidi ni kwamba kabla sijafunga kidonda, nitauzungusha mguu huu kila upande nione kama mshipa bado unatoka. Ukitoka, sifungi."

Walipofika kwenye korido, mama alimgeukia Fundi, ambaye alikuwa amewasindikiza na kubeba mkoba.

"Hivi wewe ni nani yetu?"

"Ni fundi wa cherehani, mama."

"Cherehani ndicho kinachoumwa?"

Kola alikuwa mbele yao akichechemea. Mabega yake yalitikisika. Fundi hakujua kama analia au anacheka, akaogopa kuuliza.

Siku ya upasuaji aliruhusiwa kuingia wodini kwa muda mfupi. Mguu ulikuwa umewekwa juu ya mito, umefungwa mpaka chini ya goti. Kola alikuwa ametoka kwenye nusukaputi, macho mazito, midomo imekauka.

"Unasikiaje?" Fundi aliuliza.

"Sisikii. Sina hata vidole." Alifumba macho, akayafumbua. "Cherehani changu nani anakitazama?"

"Mimi."

"Usikiguse sana."

Alisema hivyo kisha akalala. Fundi alisikia sehemu ya kwanza tu, kwamba cherehani kinahitaji kutazamwa.

*

Kola alikaa nyumbani kwa mama yake kwa muda mrefu, kwanza na plasta na magongo, bila kuruhusiwa kuugusisha mguu chini. Baadaye alivaa kiatu kigumu cha hospitali, na kila wiki alikwenda kwa mtaalamu wa mazoezi, aliyemkanyagisha kidogo kidogo huku ameshika ukuta. Fundi alikuja kumjulia hali. Mama alikaa katikati yao kama meza. Waliongea kwa kupitia juu yake, kuhusu bei ya uzi na nani amehama safu, na Fundi aliondoka kila mara akiwa hajasema alichokuja kusema.

Mikono isiyo na la kufanya ni hatari, hasa ya fundi. Alifikiri kama fundi anavyofikiri: kama mzigo unaumiza, ondoa mzigo. Akatafuta mota iliyotoka kwenye mashine ya kiwanda, akaisafisha, akaifunga chini ya meza ya Kola. Akaweka swichi ndogo ya kugusa kwa kidole gumba. Gurudumu kubwa la chuma akaling'oa, pedeli akaitoa. Na kwa kuwa pedeli ya Bi Vifungo, mshonaji wa ng'ambo ya njia, ilikuwa imevunjika wiki hiyohiyo, akamfungia ile ya Kola. Mafundi ndivyo walivyo. Chuma kilicholala wanakiita spea.

Kisha akakifunika cherehani kwa kitambaa cheupe, akasubiri.

Kola alikuja asubuhi, na mama nyuma yake akiwa na mfuko. Hakuwa na magongo. Alivaa viatu bapa vipya na gauni la bluu ambalo Fundi hakuwahi kuliona. Alitembea polepole kutoka barabarani mpaka mlangoni, na Fundi, aliyekuwa akizijua hatua zake kwa sauti, alisikiliza. Hakusikia kitu. Hakukuwa na *ta*. Ilikuwa kama mtu mwingine anakuja.

Kola alisimama mlangoni, akamtazama. Fundi akatazama chini, akatazama juu, Kola bado alikuwa anamtazama. Alikuwa amepaka wanja. Kwa siku ya kazi, Kola hakuwa mtu wa wanja.

"Umekuja," Fundi alisema.

"Nilisema nitakuja." Aliona kitambaa. "Nini hicho?"

Fundi alikivuta.

Kola aliinama, akatazama chini ya meza.

"Ni mota," Fundi alisema haraka. "Huhitaji kukanyaga tena. Unagusa hapa tu kwa kidole, kinakwenda chenyewe. Hata ukitaka kuweka mguu juu ya stuli, unaweza."

"Pedeli iko wapi?"

"Huihitaji tena."

"Sikuuliza kama naihitaji. Nimeuliza iko wapi."

"Iko kwa Bi Vifungo."

Mama aliweka mfuko chini. "Baba," alimwambia Fundi kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele, "mwanangu amechimbwa mfupa. Amelala mguu juu kama kiti kilichopinduliwa. Amejifunza kutembea kwa kushika ukuta, mtu mzima huyu, ili aje akanyage. Na wewe umeng'oa pa kukanyagia."

"Mama, acha," Kola alisema.

Alikaa. Alichukua vipande viwili vya kitambaa kwenye mfuko, akavikunja pamoja, akagusa swichi. Cherehani kiliruka. Mshono ulinyooka kama barabara, ukafika kwenye mpindo na kupitiliza mpaka nje ya kitambaa. Alijaribu tena. Ukapitiliza tena. Akakata uzi kwa meno, akamwekea Fundi kile kitambaa mkononi.

"Hiki kinakimbia. Kona hakioni."

"Utazoea."

"Uliifunga lini?"

"Ulipokuwa na plasta."

"Kwa hiyo nilipokuwa na plasta ulishajua sitapona."

"Sikujua. Niliogopa."

"Mimi pia niliogopa," Kola alisema. "Mbona sikung'oa kitu?"

Fundi alifungua mdomo. Bisibisi ilikuwa mfukoni, akaishika, akaiachia.

"Nilitaka usiumie."

"Mtu anayetaka nisiumie angeniuliza. Ulioharibika ni mguu. Mdomo ulikuwa mzima."

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Fundi hakunyamaza.

"Na jibu langu?"

Kola aliivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni la bluu. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, lakini sauti haikubadilika.

"Nilisema siku nitakayokanyaga pedeli. Wewe unaiona pedeli hapa?"

*

Bi Vifungo alikuwa mwanamke mnene wa makamo aliyeweka vifungo vya kila rangi kwenye makopo, na hakuna kilichompita kwenye safu ile. Alimwona Fundi akivuka njia, akasimamisha cherehani chake kabla hajafika.

"Nilijua utakuja, mdogo wangu. Nilimwona Kola akipita amevaa gauni la bluu, nikasema leo kuna mtu atalia. Sikujua ni wewe."

"Dada, naomba ile pedeli."

"Chukua. Yenyewe hainitaki. Kila nikikanyaga inanisukumia upande, ina kitu hapo pembeni, sijui ngozi. Imezoea mguu wa mwenzake." Alisogeza kiti. "Na mimi nitashonea nini?"

"Nakuletea mota."

"Ya umeme? Na umeme ukikatika?"

"Utapumzika, dada."

"Ahaa. Leo ndiyo umesema neno." Alimwangalia akiwa amepiga magoti anafungua nati. "Mafuta." Ndivyo safu nzima ilivyomwita. "Usiende kule kujieleza. Umeshajieleza vya kutosha, nimekusikia mpaka huku. Wewe funga chuma, unyamaze."

Fundi alivuka njia, pedeli kwapani. Muuza viatu aliyekuwa kona alimpigia mluzi.

"Mafuta! Ndiyo mahari hiyo?"

Hakujibu. Alikuwa ameshaanza kutii.

Kola alikuwa palepale alipomwacha. Mama alikuwa amekaa kwenye stuli, mfuko mapajani, kama mtu anayesubiri gari asilolipenda. Fundi aliingia chini ya meza akiwa amelala chali. Aliifungua mota, akalirudisha gurudumu na pedeli, akavisha mkanda. Ilichukua muda, kwa sababu mikono yake ilikuwa na haraka, na nati hazipendi haraka.

Kola alikuwa amevua viatu. Mguu wake wa kulia ulikuwa karibu na uso wa Fundi, na ndipo alipoliona kovu kwa mara ya kwanza. Lilianza juu kidogo ya jicho la mguu, likateremka nyuma yake, likapinda kuelekea mbele. Lilikuwa jembamba, rangi yake bado mbichi, na pale lilipopinda lilikuwa limelala sawasawa bila kuvutika. Daktari hakuwa na haraka kwenye kona.

Alilitazama mpaka mama akakohoa.

"Kuna nati imepotea huko?"

"Nimeipata, mama."

Alitoka chini, amejaa vumbi. "Tayari."

Kola aliweka mguu juu ya pedeli. Hakukanyaga. Aliusogeza kushoto, akausogeza kulia, akaurudisha.

"Fundi."

"Naam."

"Kuna kitu hapa."

"Ni ile ngozi. Ya kuegemea."

"Ya mguu upi?"

Fundi alifikiri. "Wa zamani."

"Basi itoe."

"Bila ngozi mguu utalala bapa. Utafanya kazi yote wenyewe. Daktari alisema usiuharakishe, na mimi nilikuwa nafikiri..." Alisikia sauti yake mwenyewe. Akakumbuka maneno ya Bi Vifungo. Akanyamaza, akachukua bisibisi, akarudi chini ya meza. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu. Alizitoa, akang'oa ngozi. Chini yake chuma kilikuwa bado cheusi, na pembeni, pale mguu wa Kola ulipokuwa ukikanyaga tangu hajaumia, kilikuwa kinang'aa kama kijiko.

Akaiweka ngozi mfukoni.

Kola alikanyaga.

Gurudumu lilizunguka nusu, likasita. Akakanyaga tena. Likazunguka lote. Mama alisogeza stuli karibu. Fundi alisimama, hajui pa kuweka mikono, na wote watatu walikuwa wanafanya kitu kimoja: walikuwa wanasikiliza. Mkanda ulisugua. Sindano ilipanda ikashuka. Kola aliongeza mwendo, akapunguza, akasimama ghafla, akaanza tena, kila mara akiutazama mguu wake kama mtu anayemtazama mtoto aliyezoea kudanganya.

"Haujalia," mama alinong'ona.

"Nyamaza mama, nasikiliza."

Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Alisimamisha, akainama, akashika nyuma ya jicho la mguu kwa vidole viwili, akauzungusha mguu nje, akauzungusha ndani.

"Unauma?" Fundi aliuliza.

"Unauma kidogo. Umekaza." Alinyanyua macho. "Lakini umekaa."

Alichukua kitambaa, akakikunja. Tundu moja, akasimama. Tundu moja, akasimama. Mshono ulifika kwenye mpindo, ukazunguka nao mpaka upande wa pili. Alikitoa, akakiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Palikuwa na tundu moja lililopotea njia. Alilifumua kwa ncha ya sindano bila kusema kitu, akalishona upya.

Kisha akavuta utepe wa kupimia shingoni mwake.

"Njoo hapa."

Fundi alikwenda.

"Inama. Mimi sisimami, nina mguu mmoja uliopona jana."

Aliinama. Kola alipitisha utepe nyuma ya shingo yake, akaukutanisha mbele, akaingiza kidole kimoja katikati ili usibane. Kidole kilikuwa cha moto. Fundi alisikia pumzi yake ikipita karibu na sikio, na harufu ya chaki na ya uzi mpya. Utepe ulikuwa umeshatoa jibu lake, lakini Kola hakuuondoa.

"Unatetemeka," alisema.

"Utepe una baridi."

"Utepe umetoka shingoni kwangu."

Kola alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie, tabasamu dogo, la upande mmoja, na lilikuwa karibu kiasi kwamba Fundi aliona wanja ulipopotea kidogo kwenye kona ya jicho.

Mama alikuwa amesimama. "Unampimia nini mtu huyu?"

"Kola, mama."

"Ya nini?"

"Hawezi kwenda kwa mjomba na shati hili."

Cherehani kilikuwa kimenyamaza. Ng'ambo ya njia, Bi Vifungo naye alikuwa ameacha kupanga vifungo vyake, ametega sikio. Mama alimtazama binti yake. Akamtazama Fundi, aliyekuwa bado ameinama na utepe shingoni kama mbuzi. Akautazama mguu ule uliokuwa umetulia juu ya chuma kitupu, muda mrefu kuliko alivyowatazama wao wawili.

"Haya," akasema, akaokota mfuko wake. "Ila bisibisi aiache."